Mrija wa Pili

Bonifasia Ntirampeba alikuwa amekaa mlangoni pa kibanda chake akichambua maharage ya mgao, ungo umelala magotini, vidole vikitafuta mawe. Kuku wa jirani yake Consolatha akatokea nyuma ya rundo la kuni, akinyata. Bonifasia akaokota gunzi la hindi, akalirusha bila kugeuza kichwa, likampata kuku ubavuni. Kisha akaendelea na maharage yake. Alikuwa kipofu tangu mwaka alipovuka Mto Ruvubu kutoka Burundi kuja kambi ya wakimbizi ya Ngara, na kuvuka kwenyewe alivuka akiwa ameshika upindo wa kanga ya mtu asiyemjua.

Mtaani kwake hakuna aliyeona ajabu. Walisema kipofu wao ana shabaha. Mwenyewe alisema huwa anamsikia kuku, na watu wakakubali, ingawa kuku yule alikuwa mwizi mzoefu na hakuwa na kelele hata chembe. Daktari wa macho aliyepita kambini mwaka mmoja alimmulika kwa kurunzi, akasema macho haya ni mazima kuliko ya kwangu, akampa vidonge vya vitamini.

Kabla ya kuvuka alikuwa na binti, Bukuru, pacha mkubwa ambaye mdogo wake alifariki akinyonya. Asubuhi moja ya mwaka ule wa mauaji, mwanamume aliingia uani kwao, akamshika Bukuru mkono, akamwongoza kuelekea kwenye migomba. Bonifasia alikuwa amejificha chini ya ghala la mtama, mdomo umejaa vumbi. Alikumbuka sauti ya majani makavu ya migomba yakikanyagwa na watu wawili, halafu yakikanyagwa na mtu mmoja. Sura ya mtu huyo hakuikumbuka, wala njia aliyoshika. Alipotoka chini ya ghala alikuwa haoni.

Hakuwa na matumaini kwamba Bukuru yu hai. Jambo alilolitaka lilikuwa dogo, na labda ndiyo maana hakuna aliyelishughulikia: alitaka kujua mtoto wake amelazwa wapi. Matanga ya mtu asiye na mahali hayaanuliwi, na Bonifasia alikuwa amekaa matanga hayo miaka yote kambini, peke yake, akichambua maharage.

Kiangazi kilipoingia alifika mtafiti, Daktari Priscila, Mhaya aliyesoma nje na kurudi na gari jeupe, jenereta, na kofia ya nyaya inayobana kichwa kama kilemba cha harusi. Alikuwa akitafuta watu wenye macho mazima wasioona. Alikuwa amezunguka Biharamulo hadi Nyantakara bila kumpata hata mmoja. Ngara aliambiwa habari za kuku, akaja siku hiyohiyo.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba mwanangu."

Mkalimani alikuwa Matiasi, Mhangaza wa Murukulazo aliyekuwa mhudumu wa afya kambini. Kihangaza na Kirundi ni majirani wa ukuta mmoja, kwa hiyo hakupata shida. Daktari Priscila alieleza kwamba macho ya Bonifasia huleta mzigo mpaka mlangoni, na ubongo huupokea mzigo na kuupanga vizuri kabisa, ila Bonifasia mwenyewe haambiwi kuwa mzigo umefika. Kofia ile ingeonyesha kwenye skrini kile ambacho ubongo umepokea. Halafu wangemfundisha kuambiwa.

Matiasi alisikiliza maneno yote hayo, akayafupisha: "Anasema nyumbani kwako kuna mgeni na wewe huna habari."

"Hilo nalijua," alisema Bonifasia.

Walianza katika chumba cha zahanati kilichoezekwa turubai. Alipakwa gundi ya baridi kwenye ngozi ya kichwa, akavishwa kofia. Mezani waliweka ndizi, kikombe na kiatu. Skrini ikaonyesha ndizi, kikombe na kiatu, vyote vikiwa na ukungu kidogo, kama vitu vinavyotazamwa kupitia nailoni yenye mvuke. Bonifasia aliulizwa anaona nini. Alijibu haoni kitu. Daktari Priscila alifurahi sana.

Mafunzo yalikuwa hivi. Palikuwa na kengele ndogo ndani ya mashine. Kila mara sehemu ya ubongo inayoona ilipokaribiana na sehemu inayojua, kengele ililia, na zilipoachana ikanyamaza. Kazi ya Bonifasia ilikuwa kuifanya ilie. Namna ya kuifanya hakuna aliyeweza kumwelekeza, kila mtu hutafuta yake. Alijaribu kusali, kengele haikulia. Alijaribu kukasirika, ikatoa mlio mmoja ikaacha. Mwishowe akajifikiria anapepeta mtama, ule mrusho mfupi wa mikono na pumzi inayoondoa makapi, na kengele ikalia mpaka Matiasi akaziba masikio.

Alipoizoea kengele, picha zilianza kwenda mbali kuliko vitu vya mezani. Skrini ilionyesha ua uliofagiliwa. Ilionyesha ghala la mtama kwa chini, kati ya miguu yake minne, na msichana wa miaka tisa aliyeshika kibuyu cha maji. Mwanamume mwenye shati jekundu akaingia, akamshika msichana mkono. Wakati wa kuondoka aligeuza uso upande wa ghala, akatazama kidogo, kisha akamwongoza msichana kwenye migomba. Majani yakajifunga nyuma yao. Hapo picha ikaishia, kwa sababu macho ya Bonifasia yaliishia hapo.

Daktari Priscila aliandika kwamba hiyo ni kumbukumbu ya kuona, imara isivyo kawaida. Matiasi alikohoa. Alimfahamu yule mtu. Alikuwa Telesfori Ndikuriyo, mwenyekiti wa mtaa wa Bonifasia.

Jenereta ilizimwa saa kumi ili kuokoa dizeli. Picha haikuzimika. Ilitoka kwenye skrini ikapanda kwenye turubai la zahanati, na jioni ilipokuwa ikiingia ilikuwa imeshafika kwenye maturubai ya mtaa mzima: ua, ghala, shati jekundu, majani, halafu ua tena. Watu walipikia mwanga wake. Consolatha alilalamika kuwa kuku wake hawataki kuingia bandani wakidhani ni mchana. Ofisa mmoja wa kambi alipita akasema maturubai ni mali ya shirika na hayaruhusiwi kuchorwa bila kibali, ila alipogusa akaona mkono haushiki rangi, akaenda zake.

Bonifasia peke yake ndiye aliyekuwa hajaiona. Consolatha alimkalisha chini akamsimulia, ukuta kwa ukuta.

"Ni Telesfori," alisema.

"Telesfori yupi?"

"Huyu huyu. Anayekuletea kuni."

Telesfori ndiye aliyemwombea Bonifasia kibanda karibu na bomba asipate taabu. Ndiye aliyemshika mkono kumpeleka kwenye mgao, mwaka baada ya mwaka, mkono mkavu wenye subira. Hilo la mkono ndilo lililomtapisha. Alitapika nyuma ya kibanda mpaka hakikubaki kitu, Consolatha akimshika kiuno.

Telesfori naye alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake, akijitazama kwenye turubai. Alitazama raundi nzima.

"Nilikuwa mwembamba enzi zile," alisema, akaingia ndani kula.

Asubuhi Matiasi alimpeleka Bonifasia kituo cha polisi cha kambi. Askari alitoka nje, akatazama turubai lililofunika stoo yake, akakiri kuwa ni Telesfori bila ubishi. Lakini kosa lilikuwa limetendeka nchi nyingine, na yeye sare yake ilikuwa ya nchi hii. Akawashauri waende kwa wazee wa baraza.

Wazee wa baraza, ambao Warundi huwaita bashingantahe, walikuja na desturi yao kambini kama wengine walivyokuja na masufuria. Walikuwa na uzito kuliko askari. Mtu aliyesimamishwa mbele yao na kuulizwa swali alikuwa hana budi kujibu kweli. Akidanganya au akinyamaza, hazungumzwi tena, hasalimiwi, hapewi moto wa kuwashia jiko, na kambini mtu asiyepewa moto hamalizi mwezi. Ndiyo maana Bonifasia alikubali kwenda kwao. Hakwenda kudai adhabu. Alitaka waulize swali moja: umempeleka wapi Bukuru?

Mkuu wa baraza alikuwa Mzee Nshimirimana, mtu wa fimbo ndefu na maneno machache. Aliagiza picha iletwe mbele ya wazee kwa njia iliyo sawa, kichwa cha mlalamikaji kikiwepo, si kwa kutazama tu kuta za watu. Daktari Priscila alikubali mara moja. Alikuwa na hamu ya kupima mashine mahali penye watu.

Baraza lilikaa nje, jua la saa sita likiwaka, karibu na kibanda cha Telesfori, kwa kuwa uwanja wa mwenyekiti ndio uliokuwa na nafasi. Bonifasia alikalishwa kwenye kigoda, kofia kichwani, nyaya zikiingia kwenye mashine, na turubai jeupe likatandazwa ukutani. Akapepeta mtama kichwani mwake. Kengele ikalia. Shati jekundu likaingia uani, likamshika msichana mkono, likageuza uso.

"Ni nani huyo?" aliuliza Mzee Nshimirimana.

"Ni mimi," alisema Telesfori. "Sikatai. Kukataa nitakataaje, na sura ni yangu?"

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Walipenda mtu asiyewachosha. Mzee Nshimirimana akainua fimbo, na wote walijua swali linalofuata. Bonifasia alilijua pia. Moyo ulimwenda mbio hadi kengele ikaanza kukatakata, na Daktari Priscila akamwomba apumzike kidogo, picha inatikisika.

"Wazee wamekauka koo," alisema Telesfori. "Na mama huyu jua linampiga. Tupumzike, tutaendelea."

Palikuwa na chungu cha impeke, pombe ya mtama, kama panavyokuwa kila baraza linapokaa. Pombe hiyo hunywewa kwa mirija, watu wakiinama pamoja juu ya chungu kimoja. Na desturi yake kila mtoto wa huko anaijua kabla hajajua kusali: watu wenye kesi hawainami juu ya chungu kimoja mpaka kesi iishe. Wakiinama, imekwisha. Hapahitajiki hukumu, na lililokuwa halijaulizwa halitaulizwa milele. Anayelifufua ndiye mkosaji.

Bonifasia aliomba maji. Mkono ukamletea mrija, ukauweka taratibu kati ya vidole vyake. Mkono wa nani, hakuna aliyesema baadaye, na waliokuwepo walikuwa wengi. Alikuwa na kiu ya tangu asubuhi. Akavuta. Ilikuwa impeke, ya uvuguvugu, tamu kidogo. Akadhani mzee mmoja amemhurumia. Akavuta tena.

Kengele ikalia kwa sauti iliyonyooka, ndefu, kuliko siku zote. Kwenye turubai, ua na ghala vilikuwa vimetoweka. Palikuwa na chungu, pombe ikitoa povu kingoni, mirija miwili, na kwenye mrija wa pili mdomo wa Telesfori, karibu kabisa, na macho yake yakitazama chini kwa adabu. Picha haikuwa na ukungu hata kidogo. Hata nzi aliyekuwa ukingoni mwa chungu alionekana miguu.

Watu wote waliona, isipokuwa mwenye picha.

"Amekunywa naye," alisema mzee mmoja.

Mrija ukamtoka Bonifasia mkononi. "Nimekunywa na nani?"

Akapeleka mkono mbele, akagusa chungu, akapapasa ukingo, akakutana na mrija mwingine, na vidole vikavu vilivyoushika. Akavijua.

Alipiga kelele moja tu, fupi. Halafu akasema, kwa sauti ambayo Matiasi hakuweza kuitafsiri ipasavyo: "Mimi sikumwona! Wazee wangu, mimi sioni, sikumwona!"

Daktari Priscila alisimama. Alisema mama anasema kweli. Macho yake yamemwona, ubongo wake umemwona, lakini yeye hajamwona, ni vitu viwili tofauti kabisa, na hiyo ndiyo maana yote ya utafiti wake. Alisema hivyo mara tatu kwa Kiswahili kizuri, na Matiasi akalifikisha kila neno. Safari hii hakufupisha.

Mzee Nshimirimana alimsikiliza mpaka mwisho.

"Daktari," alisema, "mwezi mzima si wewe uliyekuwa ukituambia kwamba mama huyu anaona?"

"Ndiyo, lakini..."

"Na kabla ya hapo, yeye mwenyewe alipotuambia haoni, si wewe uliyesema mashine inajua kuliko anavyosema?"

Daktari Priscila akaitazama mashine yake.

"Uso wa Telesfori uani tuliuamini kwa mashine hii. Uso wake kwenye chungu tusiuamini kwa nini?" Mzee akalaza fimbo chini. "Ameona. Amekunywa. Yamekwisha."

Wazee wakavuta vigoda vyao karibu na chungu. Wengine walikuwa na huzuni ya kweli, na mmoja alifuta machozi kwa kofia. Lakini walikunywa.

Telesfori aliinuka akamletea Bonifasia maji aliyoyaomba, kwenye kikombe safi. Kulisimulia hili kunauma: aliyapokea. Kiu yake ilikuwa bado ipo.

Picha ya chungu ikatandaa kwenye maturubai usiku ule, ikaifuta ile ya ua. Daktari Priscila aliondoka kabla ya mvua. Alikuja kuaga, akapiga magoti mbele ya Bonifasia kama Wahaya wanavyopiga magoti mbele ya mama, akasema, "Nisamehe mama," akalia. Bonifasia akampapasa kichwa, akamwambia asilie, safari ni ndefu. Inasemekana mjini, kwenye mkutano wa wataalamu, picha ya chungu ndiyo iliyopigiwa makofi zaidi, kwa sababu ya yule nzi.

Mvua ilipoanza, maturubai yakaoshwa, na picha ikafifia kila siku hadi ikabaki kama doa la moshi.

Hata hivyo mafunzo yalikuwa yamefanya kazi, ila yalichelewa. Asubuhi moja Bonifasia alikuwa akichambua maharage, na kuku akaja. Alikuwa kuku mweupe mchafu, mdogo kuliko alivyomdhania miaka yote. Bonifasia akamtazama akila maharage kwenye ungo, akamwacha ale. Consolatha alipopita alimwambia, "Kuku wako ana kilema cha kidole," na Consolatha akajibu kwamba alizaliwa nacho. Ndivyo mtaa ulivyopata habari kuwa Bonifasia anaona.

Alitembea kambini akitazama. Vilima vilikuwa vimeisha miti. Nyuso za watu zilikuwa zimezeeka kupita sauti zao. Telesfori alikutana naye karibu na bomba, mtu wa makamo mwenye kitambi na shati la kijani lililopigwa pasi, akainamisha kichwa akamsalimu.

"Amahoro, mama Bukuru."

"Amahoro," alijibu. Walikuwa wamekunywa pamoja. Asiyeitikia salamu angekuwa yeye mwenye kosa.

Mwaka uliofuata kambi ikaanza kufungwa. Wawakilishi wa mitaa walipelekwa kwanza ng'ambo kutazama vilima vyao, maana kwa Warundi kila kilima ni kijiji, na kurudi na habari, na Telesfori alikuwa miongoni mwao. Halafu malori yakaja. Watu walipangwa kwa vilima walivyotoka, na kwa kuwa Bonifasia na Telesfori walitoka kilima kimoja, uzio kwa uzio, walipanda lori moja. Kwenye ngazi alimpa mkono, kwa mazoea. Bonifasia alitazama mkono ule, akapanda mwenyewe. Akakaa juu ya furushi la turubai lake. Telesfori akakaa mbele yake, magoti yao yakikaribia kugusana.

Lori lilitambaa barabara ya vumbi. Watu waliimba kidogo, wakaacha. Kona baada ya kona, Bonifasia alikuwa na swali mdomoni, na watu wote ndani ya lori walilijua, na walijua haliulizwi. Wengine waligeuza nyuso. Mto ulipoonekana chini, mwekundu, umejaa, alifungua mdomo.

"Jirani," alisema, "ulipokwenda kutazama ulifika hadi kwangu?"

"Nilifika, mama Bukuru. Nyumba imeanguka."

"Na migomba?"

Telesfori alifikiri. Hakuwa mtu wa kumnyima jirani habari za nyumbani.

"Migomba ipo," alisema. "Mingi imedhoofu, haina wa kuipalilia. Ila mmoja ule wa bondeni, karibu na jiwe, umestawi sana. Una mkungu ambao mtu mmoja haubebi."

Lori lilikuwa limeingia darajani. Bonifasia alitazama maji mpaka yakaisha, akihesabu moyoni hatua za kutoka uani hadi kwenye lile jiwe.

"Asante kwa habari," alisema, kama inavyompasa jirani.